Kuchagua shirika la ndege la kufanyia kazi hadi ustaafu

Ndugu zangu wapendwa,

Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili sasa. Nina umri wa miaka 33, naishi Houston na mke wangu, ambaye ni muuguzi wa zamu za usiku, pamoja na mtoto wetu wa miaka mitatu. Kwa miaka minne nimekuwa rubani msaidizi katika shirika dogo linalorusha ndege za abiria 76 kwa niaba ya mashirika makubwa, na mwezi huu nimepata nilichokuwa nikikiomba: Delta wamenipa nafasi, na United nao wamenipa. Darasa la Delta linaanza wiki tano kabla ya lile la United. Delta hawana kituo cha marubani Houston, United wanacho, lakini nimeambiwa kwamba huenda wageni wasipangiwe hapa tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, binamu yangu aliyeko Dubai ananisihi niachane na Marekani nijiunge na shirika la huko, kwa kuwa nyumba na ada ya shule hulipwa na mwajiri.

Nimelinganisha mishahara, aina za ndege na vituo, kwa mpangilio huo, na bado sijapata jibu. Wenye uzoefu naomba mnisaidie kabla sijatia saini.

Ndugu yenu, Houston

*

Mdogo wangu wa Houston,

Hongera sana, na shemeji naye apokee hongera zake, maana najua kwamba saa 1,500 za kuruka hazikusanywi bila mtu wa nyumbani kubeba upande wa pili wa mzigo. Mimi ni kapteni, naishi Columbus, Ohio, na nimo katika kazi hii hapa Marekani tangu mwaka 2007. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu kosa la kuchagua vibaya mwanzoni halirekebishiki kwa urahisi: rubani anayehama shirika kubwa kwenda jingine, hata akiwa kapteni wa miaka ishirini, huanza upya akiwa wa mwisho katika orodha na kwa mshahara wa mwaka wa kwanza.

Orodha hiyo ndiyo kazi yenyewe. Siku ya kwanza darasani unapewa namba, na tangu siku hiyo namba ndiyo inayoamua utarusha ndege gani na kutoka kituo gani, usiku wa kuamkia Idi utalala kwako au hotelini Omaha, likizo utaichukua Julai au Februari, lini utahamia kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, na shirika likipunguza watu, kama wewe utabaki. Hakuna bosi awezaye kukupendelea wala kukuonea katika hayo. Namba yako hupanda tu pale aliye juu yako anapostaafu, anapoacha kazi au anapofariki.

Nilijifunza maana yake kwa gharama. Mwaka 2007 niliitwa darasani mwezi wa nane na shirika ambalo sitalitaja. Dada yangu alikuwa anaolewa Tanga mwezi wa tisa, nikaomba niahirishiwe hadi darasa la mwezi wa kumi, na nikakubaliwa bila swali lolote. Niliporudi nilikuta watu zaidi ya 100 wamekwisha kuingia mbele yangu, na sikuona ubaya wake. Desemba ya mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, umri wa kustaafu kwa marubani wa mashirika ukapandishwa kutoka miaka 60 hadi 65, na wazee waliokuwa wakiondoka kila mwezi wakapata ruhusa ya kubaki vitini kwa miaka mitano mingine. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapaa, kisha uchumi ukaanguka, na shirika likaanza kupunguza watu kuanzia mkiani mwa orodha. Panga lilisimama watu 40 juu yangu. Wale ambao ningeingia nao mwezi wa nane waliendelea kuruka. Mimi nilikaa nje miaka mitatu nikifundisha wanafunzi katika ndege za injini moja, nikilipwa kwa saa, na mvua ikinyesha halipwi mtu.

Kwa hiyo shirika lolote utakalolichagua, usiahirishe hata siku moja, na ukiweza omba darasa la mapema zaidi. Lakini hizo wiki tano baina ya Delta na United usizihesabu kana kwamba ni mbio moja. Namba ya Delta haina thamani yoyote United. Swali la kujiuliza ni hili: katika miaka 32 iliyobaki kabla hujafikisha 65, ni orodha ipi itakayokuruhusu kuishi unapotaka kuishi?

Kuhusu mshahara sitakaa sana. Delta walipata mkataba mpya mwezi Machi 2023, United na American wakafuata mwaka huohuo, na viwango vya saa sasa vinakaribiana, kwa kuwa kila chama cha marubani hutazama mkataba wa jirani kabla ya kwenda mezani. Zaidi ya kiwango cha saa, tazama asilimia ambayo shirika linaweka katika akaunti yako ya uzeeni. United waliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai mwaka 2002, Delta mwaka 2005, American mwaka 2011. Pensheni za zamani za marubani wa United na Delta zilivunjwa katika misukosuko hiyo na kuachiwa mfuko wa serikali wa dhamana, na wako wazee waliopokea kidogo sana kuliko walichoahidiwa. Siku hizi fedha huingia katika akaunti ya 401(k) yenye jina lako, na shirika likianguka haliondoki nayo. Usiache hata senti ya mchango huo.

Aina ya ndege nayo isikutie kiwewe. Najua raha ya kumwambia mama kwamba unarusha Boeing 787, lakini rubani msaidizi mchanga katika ndege kubwa mara nyingi huishia kuwa akiba kwa muda mrefu, akisubiri simu, wakati mwenzake wa Airbus 320 ana ratiba anayoijua mwezi mzima kabla. Ndege utabadilisha mara tatu au nne kabla hujastaafu.

Sasa nije kwenye kituo, na hapa naomba shemeji asome pamoja nawe. Nilipoitwa tena kazini nilipangiwa New York, nami nikaamua familia ibaki Columbus. Shirika halilipi wala halijali unavyofika kazini. Unapanda ndege ya yeyote yenye nafasi, mara nyingi katika kile kiti cha ziada cha chumba cha marubani, na zamu ikianza saa kumi na mbili asubuhi ina maana unaondoka nyumbani jana yake. Nilichangia nyumba huko Kew Gardens, Queens, mtaa uliojaa wahudumu wa ndege na marubani. Chumba kimoja vitanda sita vya ghorofa, kila kitanda na pazia lake, na mlangoni safu ya viatu vyeusi vilivyofanana kiasi kwamba niliandika herufi za jina langu ndani ya vyangu kwa kalamu nyeupe. Ungesikia kengele ya simu ya mtu saa tisa usiku, kisha minong'ono, kisha magurudumu ya sanduku yakishuka ngazi. Nilipolipa kodi ya kitanda hicho na kuhesabu siku nilizozipoteza njiani, nilipata siku tano hadi sita kila mwezi ambazo hazikuwa za kazi wala za nyumbani. Zidisha mara kumi na mbili, kisha mara miaka minane. Mtoto wangu wa pili alijifunza kutembea katika siku hizo.

Kutoka Houston hadi Atlanta, kituo kikuu cha Delta, ni takriban saa mbili za kuruka, na Delta wanarusha ndege nyingi kwenye njia hiyo. Mtu atakuambia ni jepesi. Ni jepesi hadi radi za mwezi wa sita zianze, au wiki ya sikukuu ya Shukrani mwezi wa kumi na moja, utakapoona abiria wote wamefika na kiti cha ziada amekwisha kukipata mwenzako. United nao wanaweza kukupeleka Newark au San Francisco mwaka wa kwanza, hilo ni kweli, lakini huko utakuwa unangoja namba ikurudishe Houston, na kungoja jambo lenye mwisho si sawa na kukubali kuhangaika njiani hadi ustaafu. Waulize marubani walioingia mwaka huu na mwaka jana walisubiri miezi mingapi kupata Houston. Wasiwe wa ofisi ya ajira. Wawe marubani wenyewe, na wawe zaidi ya watatu.

Yako mawili mafupi. Kwanza, safari za nyumbani. Tiketi za wafanyakazi hutegemea pia mashirika washirika: ukiwa United utafika Dar es Salaam kwa Ethiopian kupitia Addis Ababa, ukiwa Delta kwa KLM kupitia Amsterdam au kwa Kenya Airways kutoka New York hadi Nairobi. Njia zote zinapitika, ila usiende msibani kwa tiketi ya kungoja nafasi, nunua ya kawaida. Pili, pasipoti. Mashirika haya hayakuulizi uraia. Yanataka uwe na haki ya kufanya kazi na uwezo wa kuingia na kutoka nchini bila kikwazo. Kama wewe ni Mkenya, katiba ya mwaka 2010 imekuruhusu uraia wa nchi mbili. Kama ni Mtanzania mwenzangu, sheria yetu bado haijaruhusu, na uamuzi wa kuchukua uraia wa hapa usiufanye kwa ajili ya shirika la ndege. Ufanye na wazee wako.

Maoni yangu, basi, ni United, na uwapigie leo kuomba darasa la mapema.

Kaka yako, Columbus

*

Assalaam aleikum ndugu zangu,

Nimesoma yote na ninamuunga mkono kaka wa Columbus, lakini kwa kuwa ametajwa binamu wa Dubai, naona ni haki niseme tunavyoishi huku, maana mume wangu ni rubani hapa kwa mwaka wa tisa.

Binamu hakudanganya. Nyumba tunapewa, ada ya watoto inalipwa kwa kiwango kikubwa, mshahara haukatwi kodi ya mapato, na Dar es Salaam ni saa tano na nusu tu, hata mama mkwe huja na mihogo ikafika ikiwa bado na udongo. Kwa anayetoka nyumbani moja kwa moja ni kazi ya heshima, nasi hatujuti. Lakini huku hakuna chama cha marubani, na ukaazi wetu umefungwa kwenye kazi yake. Mwaka 2020 mashirika ya Ghuba yalipunguza marubani kwa mamia. Jirani zetu wa ghorofa ya tatu, waliokuwa wameishi hapa zaidi ya muongo, waliuza kila kitu kwa wiki chache; nilinunua kwao friza, na mtoto wao alisimama mlangoni akiitazama ikitolewa. Hapakuwa na orodha ya kuitwa tena.

Kwako mdogo wangu kuna jambo zito zaidi. Ikiwa una kadi ya kijani, kuhamia kuishi huku kunaweza kuchukuliwa kuwa umeuacha ukaazi wa Marekani, na ukiupoteza huo umepoteza njia ya kurudi kwenye orodha zile alizozieleza kaka. Na ukishakuwa raia wa Marekani bado unawajibika kutoa hesabu za kodi huko hata ukiishi Dubai. Muulize binamu kama anayajua haya, maana hayamhusu yeye.

Dada yenu, Dubai

*

Kaka na dada zangu,

Nawashukuru kutoka moyoni. Jana jioni tulisoma majibu yenu mezani, mimi na mke wangu, na alipofika kwenye mtoto aliyejifunza kutembea aliisukuma simu kwangu akaniambia nisome sehemu hiyo kwa sauti.

Leo asubuhi nimewapigia United. Wamenipa darasa la wiki mbili mapema kuliko nililopangiwa kwanza, kwa kuwa kuna mtu ameacha nafasi yake. Nimezungumza pia na marubani wanne waliopata Houston: mmoja alisubiri miezi minne, wawili karibu mwaka, na wa nne alikataa kunihesabia ila alisema alisubiri. Nimewaandikia Delta barua ya shukrani na kuachia nafasi yao ili apewe mwingine. Mke wangu amekwisha kumwomba msimamizi wake ahamishiwe zamu za mchana kwa miezi ya mafunzo yangu, na binamu nitampigia Ijumaa baada ya swala.

Ndugu yenu, Houston