Nani alianza kuona kwamba binadamu anamaliza pori: Mjerumani au wazee wetu?

Mwanafunzi wa Historia: Wadau, mwalimu katufundisha kwamba uhifadhi Tanganyika ulianza 1896, gavana Hermann von Wissmann alipotoa amri ya kubana uwindaji maana tembo walikuwa wanaisha. Nikauliza, kabla ya hapo hakuna aliyeona? Akasema wazee walikuwa wachache na pori kubwa, hawakuwa na haja. Mnasemaje?

Mfunga Ngitili: Hawakuwa na haja! Mwanangu, mwambie afike Shinyanga. Masika yakianza mzee anafunga sehemu ya malisho, hiyo ndiyo ngitili. Ng'ombe haingii mpaka kiangazi kikolee. Nani anafunga majani kama hajui ng'ombe wake mwenyewe wanaweza kuyamaliza? Mwingereza alipokuja akatufyekesha mapori eti tunafukuza mbung'o. Nchi ikabaki jangwa, na 1986 ikabidi serikali ilete mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kufufua ngitili zilezile.

Mwana Mbarali: Shikamoo mzee. Mbona ninyi Wasukuma mlipohamia kwetu bonde la Usangu hizo ngitili mliziacha nyumbani? Mmejaza ng'ombe kinamasi cha Ihefu, mto Ruaha Mkuu ukakauka.

Kijana wa Matombo: Ya Usangu tuyaache kwanza. Kwetu milima ya Uluguru Mwingereza alilazimisha matuta ya ngazi, udongo mzuri ukafukiwa, mbovu ukaja juu. 1955 watu wakakataa, mmoja akapigwa risasi akafa. Huyo ndiye wa kutufundisha ardhi?

Mfunga Ngitili: Marahaba, lakini hayaachwi, nimetajwa mimi. Ruaha ulianza kukauka kiangazi tangu 1993. Mifereji ya mpunga inayovuta maji mwaka mzima huioni? 2006 wafugaji wakaswagwa mpaka Lindi, ng'ombe wakifia njiani. Mto ukaendelea kukauka. Mpunga haukuhamishwa hata jaruba moja!

Mwana Mbarali: Jaruba unalolidharau ndilo lililonisomesha. Baba yangu alilima pale kabla sijaona ng'ombe hata mmoja wa mgeni.

Msambaa: Jamani, Mjerumani naye tumtendee haki. Pale Amani, Usambara, alijenga kituo cha utafiti 1902.

Kijana wa Matombo: Baada ya kukata msitu wa Usambara apande kahawa, kahawa ikamshinda! Alijua kwa kuharibu. Wazee walijua kabla. Kama hawakujua, Kaya za Wamijikenda, ile misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya, zingekuwa zimesimama leo?

Msambaa: Kaya ni makaburi na matambiko kaka. Waliogopa mizimu, si ukame.

Kijana wa Matombo: Na kwa hiyo mti haukukatwa. Unataka waandike ripoti?

Mwanafunzi wa Historia: Hiyo ya kufunga malisho kesho nampelekea mwalimu. Mzee, ukivunja ngitili ya mwenzako adhabu ilikuwa nini?

Mfunga Ngitili: Faini, na wazee wanakuita mbele ya kijiji. Ila nasubiri kwanza Mbarali anijibu: mifereji hiyo, nani anaifunga kiangazi?

Mwana Mbarali: Na wewe nijibu, Ihefu ng'ombe walikuwa wangapi?