Silinda namba 3 yapata moto kuliko nyingine: tuibadilishe?

Rubani wa Pwani: Ndugu zangu, naomba ushauri, maana usingizi umenipaa. Mimi na wenzangu wawili tunamiliki ndege ndogo ya Cessna 172 yenye injini ya Lycoming O-320, nasi huiegesha hapa Mombasa. Tukiwa angani, silinda namba 3, iliyo kushoto nikiitazama, hufika nyuzi 425 za Fahrenheit ilhali zile tatu hazipiti 370. Tulipopima mgandamizo kwa kuingiza hewa ya paundi 80 kwa inchi ya mraba, hiyo ilishika 58, nyingine 74 kwenda juu. Je, tubadilishe silinda nzima au ringi tu, yaani pete za pistoni?

Mstaafu wa Kilindini: Mwanangu, mimi nimezeeka na injini za mashua. Siku moja tulifungua kichwa cha injini kutwa nzima, kumbe kipima joto ndicho kilichotudanganya.

Mama Nyali: Hiyo si tuktuk ya kusukumwa kando ikizimika. Msiirushe!

Fundi wa Karakana: Hewa ilivuja wapi? Ikisikika kwenye mfuniko wa oili, shaka ni ringi. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu. Tena, injini ilikuwa moto?

Rubani wa Pwani: Ilikuwa baridi, na hewa ilisikika kwenye oili. Sikutaja kwamba kabla ya hapo ndege ilikaa miezi saba bila kuruka. Hata hivyo, silinda mpya tumekwisha kuilipia nusu, na sioni kosa la kujihadhari.

Fundi wa Karakana: Miezi saba katika hewa ya chumvi! Ingizeni kwanza kamera ndogo kwenye tundu la plagi mtazame kama ukuta wa silinda umeshika kutu. Ukiwa safi, ipasheni injini moto mpime tena, kwa kuwa ringi iliyonata huweza kuachia. Joto ni shauri jingine, kwani mgandamizo mdogo peke yake hauelezi tofauti ya nyuzi 55. Badilishaneni sensa (kipima joto) ya namba 3 na ya namba 1: joto likihama nayo, sensa ndiyo mbovu. Lisipohama, kagueni raba za ukingoni mwa mabati yanayoelekeza upepo kwenye silinda, kwa maana raba iliyokunjika huuachia upepo utoroke bila kupita kwenye mapezi ya kupoza silinda.

Mdadisi: Kwenye Lycoming hiyo, namba 3 iko nyuma kulia. Huyu kaandika kushoto. Kisa hiki kimetungwa.

Rubani wa Pwani: Nilisimama mbele ya propela, ndugu yangu, kwa hiyo kulia kwa rubani ni kushoto kwangu. Nimetoka kuitazama raba ya upande huo: imekunjika, na ukingo wake unang'aa kwa kusuguana na kifuniko cha injini. Silinda tutaipokea vivyo hivyo.

Mdadisi: Upande nimeukubali. Umiliki wa ndege, bado.

Mstaafu wa Kilindini: Na sensa, mwanangu, umeihamisha?