Chachu kwenye Biblia ni dhambi siku zote? Nauliza mimi muuza maandazi

mama_beseni
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi nauza maandazi, nakanda usiku naamka saa kumi alfajiri nakaanga, ndo kazi yangu miaka mingi. Nilipokuwa Dar donge linaumuka ndani ya saa moja tu na lile joto, ila tulivyohamia Makambako mwezi wa saba na baridi ya huku weee, unakanda unafunika unachungulia, donge liko vilevile kama jiwe. Siku ya kwanza nilimwaga lote nikajua hamira imekufa. Jirani akaniambia mama umelionea, lifunike blanketi uliache hadi alfajiri. Kweli nimeamka nakuta mfuniko umeinuka.

Sasa wiki hiyohiyo nikawa nasoma Mathayo 13:33, mwanamke ametwaa chachu akaisitiri kwenye pishi tatu za unga. Nililia. Kuna mtu humu ndani kwangu namuombea mwaka wa sita huu sioni chochote, nikaona kama Mungu ananiambia usimwage donge. Nikashuhudia kwenye kikundi chetu cha Biblia, mama mmoja tunayemheshimu sana akasema hapana, chachu kwenye maandiko ni dhambi siku zote, Yesu mwenyewe kasema mjilinde na chachu ya Mafarisayo, na Paulo kasema chachu kidogo huchachua donge zima, kwahiyo mfano ule ni uovu kuingia kanisani, na neno la Mungu halitafutwi jikoni. Nimenyamaza tangu siku hiyo. Nimekosea wapi?

mwana_wa_seremala
Dada pole, hujakosea. Soma Walawi 23:17, mikate miwili ya sikukuu ya majuma iliokwa na chachu na ikaletwa mbele za Bwana, sasa kama chachu ni dhambi tu mbona Mungu aliipokea? Neno moja linaweza kubeba picha mbili. Angalia simba, 1 Petro 5:8 ni Ibilisi anayenguruma, Ufunuo 5:5 ni Simba wa kabila ya Yuda yaani Yesu mwenyewe, na hakuna anayechanganya hapo. Kinachofanana ni tabia ya chachu, inaingia kidogo inakamata donge lote, sasa ni chachu ya nani hiyo ndo sentensi yenyewe inakwambia. Mafarisayo wametajwa kwa jina, na kwenye 13:33 umetajwa ufalme wa mbinguni.

Halafu wakati ule hakukuwa na hamira ya paketi, walikuwa wanabakiza kipande cha donge la jana wanakichanganya na la leo, ndo maana Paulo anaongelea chachu ya kale. Wewe unayekanda utamuelewa Paulo haraka kuliko mimi wa randa na msumeno.

wa_kisauni
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi niko Mombasa na mahamri nakanda tangu niko msichana, mamangu wewe hiyo pishi ndiyo ilinishika mimi. Huku kwetu pishi ni vibaba vinne, majirani zetu Waislamu ndiyo wanapimia zaka ya fitri, kama kilo mbili na nusu za mchele hivi. Kwa hivyo nikawa nasoma nikiona unga wa kawaida tu wa nyumba moja. Siku moja padre akatueleza kipimo chenyewe kwa Kigiriki ni saton, hesabu zatofautiana lakini wengi huiweka karibu lita 13, sasa mara tatu ni karibu lita 40! Hiyo ni kazi ya harusi, mikono miwili ya mwanamke mmoja, watu mia wala na kushiba. Na Sara kwenye Mwanzo 18 alikanda vipimo vitatu vilevile wageni walipokuja. Mimi tangu hapo kila nikitia mkono kwenye unga namuwaza yule mama, amechoka mabega lakini ajua wanaokuja ni wengi.

mzee_wa_zamu
Binti yangu, mimi nakubaliana na wenzangu kuhusu chachu ila nina angalizo moja kwa upendo. Jikoni pakufumbue macho, sawa, Yesu mwenyewe alifundisha kwa unga, nyavu na mbegu. Lakini ule mstari unaongelea ufalme, haujasema huyo mtu wako atabadilika lini. Ukiushika kama ahadi ya jina lake, akichelewa utamlaumu Mungu kwa jambo ambalo hakusema. Mimi nilimuombea ndugu yangu akafa vilevile, na bado Mathayo 13:33 ni kweli. Muombee, ila usimpangie Bwana saa.

mama_beseni
Asanteni sana, baba hilo la mwisho limeniuma lakini nimelipokea, ni kweli nilishaanza kuhesabu miezi. Kumbe pishi tatu ni nyingi hivyo da! Alhamisi tuna kikundi, nitaenda na Walawi 23:17 nimuonyeshe yule mama kwa heshima, tena nitambebea maandazi maana yeye ndo aliyenifundisha kusali. Saa tatu hii, ngoja nikakande, leo upepo umevuma kutwa nzima natafuta blanketi la pili.