MJADALA: Manna Dey alionewa na watu wa Bombay?

Mzee_wa_Majestic
Wapenzi wa picha za Kihindi, jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu. Manna Dey, mwimbaji aliyewaimbia waigizaji wanaofungua mdomo tu kwenye picha, Mbengali wa Kalkuta, mzaliwa wa 1919. Alifunzwa na ami yake K.C. Dey, yule mwimbaji kipofu, akafuatana naye Bombay 1942. Raga, mahadhi ya kikale ya Kihindi, alizijua kuliko wenzake wote wa rika lake. Lakini hebu tazameni kazi alizopewa. Waimbaji wenzake walipewa masteringi: Mukesh alikuwa na Raj Kapoor, Kishore akaja kuwa na Rajesh Khanna, Rafi alikuwa na nusu ya masteringi wa mji. Manna Dey akaachiwa wazee, mafakiri na wachekeshaji. Ule wimbo wa Zohra Jabeen katika picha ya Waqt (1965), unaopigwa harusini mpaka leo, ni sauti yake, lakini anayefungua mdomo pale ni Balraj Sahni, baba wa watoto watatu. Raga ngumu ikija, aitwe. Mapenzi yakija, aitwe mwingine. Mimi nasema alionewa, na aliyefaidika ni Kishore ambaye hata darasa la muziki hakukaa. Tujadili kwa heshima.

BintiTanga
Shikamoo mzee wangu. Ya Manna Dey nakuachia, ila hapo kwa Kishore umenigusa pabaya. "Hata darasa hakukaa" ndiyo nini? Tuzo ya sinema ya Filmfare ya mwimbaji bora wa kiume alichukua mara nane. Manna Dey mara moja tu, kwa ule wimbo wa sarakasi katika picha ya Raj Kapoor. Darasa haliimbi, koo ndilo linaimba. Halafu mnaongea kama Kishore alikuja kuwapora Wabengali, na yeye mwenyewe ni Mbengali, Ganguly, kazaliwa tu Khandwa. Na hilo la kwamba Manna Dey hakupewa masteringi si kweli. Picha ya Sholay, kwenye pikipiki, nani kamwimbia Dharmendra?

Kibokoni
Dada, Dharmendra pale ni Kishore. Manna Dey ni Amitabh. Lakini hoja yako yasimama, Amitabh naye si mchekeshaji.

Na Raj Kapoor pia aliimbiwa na Manna Dey. Ile ya mwavuli na mvua, picha ya Shree 420, 1955, yeye na mwimbaji Lata. Mwaka uliofuata, Chori Chori, mwenye picha alimtaka Mukesh, Shankar, wa wale watunzi wawili Shankar-Jaikishan, akasimama imara kwamba ni Manna Dey. Kwa hivyo kuna waliompigania. Siye Mombasa twazijua nyimbo hizi vizuri kwa sababu Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab, alituletea mahadhi ya Kihindi kwa Kiswahili fasaha, ukasahau kama asili yake ni picha.

Udi_wa_Unguja
Alituletea au alichukua? Tuseme ukweli. Mtu anatunga mahadhi Bombay, anahangaika na wapiga fidla chumba kizima, halafu mwingine anatia maneno yake na kupokea tunza harusini. Huku kwetu kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905 na watu wametunga wenyewe.

Kibokoni
Sasa umenipandisha. Ikhwani Safaa walijifunza wapi, kama si Misri? Sultani Barghash alimpeleka mtu Cairo kujifunza, hilo kila mtoto wa Unguja afundishwa. Siti binti Saad alipotaka santuri alipanda meli akenda Bombay, 1928. Bahari hii yetu ni moja. Bhalo alikuwa malenga, na Allah amrehemu. Huwezi kumwita mwizi mtu ambaye mashairi yake wazee wanayaweka kichwani mpaka leo.

Udi_wa_Unguja
Sikusema mwizi. Neno hilo umelitia wewe. Mashairi yake nayaheshimu kuliko unavyofikiri. Ila Misri tulichukua ala na mtindo. Mahadhi mazima, kuanzia mwanzo hadi kiitikio, ni jambo jingine.

Gitaa_7
Na hao Wahindi je? Salil Chowdhury, Mbengali, fundi mkubwa, alichukua simfonia ya 40 ya Mozart, mtunzi wa Ulaya, akaitia katika picha ya Chhaya, 1961. Hakuna aliyemshtaki. Mwaka huohuo akampa Manna Dey ule wimbo wa picha ya Kabuliwala. Fundi mmoja, yote mawili. Kwa hiyo mkitaka kumhukumu Bhalo, anzeni huko.

Msafiri_Muscat
Asante kwa kuutaja wa Kabuliwala, maana ndio ulioniingiza humu. Mpathani, mtu wa Afghanistan, yuko Kalkuta anauza vitu vyake mitaani, usiku anaikumbuka nchi yake. Manna Dey hapandishi sauti hata kidogo. Mwingine angelilia maikrofoni. Yeye anazuia, na kule kuzuia ndiko kunakokuvunja. Sisi tunaoishi ughaibuni tunaujua, hatuhitaji kuelezwa maneno yake. Mnauliza kama alionewa kupewa wazee na wageni. Nani mwingine angeuimba hivyo?

Mzee_wa_Majestic
Binti wa Tanga, hukunijibu. Unaniletea hesabu ya tuzo. Picha ya Padosan, 1968: Manna Dey anaimba kwa kinywa cha mchekeshaji Mehmood, mwalimu wa muziki wa kuchekwa. Kishore anaimba upande wa Sunil Dutt, kijana asiyejua kuimba. Na anayeshinda shindano ni yule asiyejua! Wakamchukua mwanafunzi wa maustadhi wakamfanya kichekesho. Hilo halikuumi?

BintiTanga
Mzee, ni hadithi ya picha, mwandishi ndiye aliyeamua ashinde nani. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, picha ya Basant Bahar, hadithi ilimfanya Manna Dey amshinde Bhimsen Joshi, bingwa wa raga, Bhimsen Joshi mzima! Mwenyewe alisimulia kwamba alitaka kutoroka mji mpaka wimbo urekodiwe na mtu mwingine. Mbona huko hamlii kwamba Bhimsen kaonewa? Mnamchukia Kishore tu kwa sababu wasichana walimpenda.

Mzee_wa_Majestic
Usinitie maneno. Simchukii. Nimekaa foleni kumsikiliza kabla hujazaliwa.

Udi_wa_Unguja
Umri haujibu hoja, mzee wangu, kwa heshima zote.

Kalamu_ya_Kigamboni
Nimesoma yote, na naona hamjafungua mlango wa Kalkuta. Mnapima maisha yake kwa Bombay peke yake. Kibengali, Manna Dey alikuwa sauti ya steringi. Uttam Kumar, steringi mkubwa wa Kibengali, alizoeleka kwa sauti ya mwimbaji Hemanta, kisha miaka ya sitini Manna Dey akaingia, akamwimbia katika Antony Firingee, 1967. Halafu tazameni hii: Nishi Padma, 1970, Uttam Kumar ni mlevi mwenye moyo, anaimbiwa na Manna Dey, na tuzo ya taifa akapata kwa picha hiyo. Bombay wakaichukua hadithi ileile wakaiita Amar Prem, 1972. Mlevi sasa ni Rajesh Khanna, na sauti ni Kishore. Mtu yuleyule wa hadithi, kiti kilekile cha ulevi. Kalkuta walisikia mapenzi katika koo la Manna Dey, Bombay hawakusikia. Kwa hiyo sauti yake haikuwa "ya kizee". Kilichoamua ni kwamba Rajesh Khanna alikuwa ameshafungamana na Kishore tangu Aradhana, 1969, na wenye fedha hawakutaka kubahatisha.

BintiTanga
Na Kishore aliziimba vibaya za Amar Prem? Sema.

Kalamu_ya_Kigamboni
Aliziimba vizuri mno, dada. Sijagusa hilo.

Kibokoni
Kalamu, wewe wajua mambo. Basi tuamulie na hili la Bhalo. Mtu akichukua mahadhi na kuyatilia shairi lililo zito kuliko la asili, bado ni deni?

Msafiri_Muscat
Bhalo mfungulieni uzi wake jamani. Manna Dey alipewa Dadasaheb Phalke, tuzo ya juu kabisa ya sinema India, ya mwaka 2007, akiwa karibu na miaka tisini. Alifariki Bengaluru, Oktoba 2013. Mzee, nchi ikimpa mtu heshima hiyo, bado utasema alionewa?

Mzee_wa_Majestic
Bado. Heshima ya uzeeni hairudishi nyimbo ambazo hakupewa akiwa na miaka arobaini.

Gitaa_7
Na mimi nasema ule wa Zohra Jabeen ni wa mapenzi kuliko zote mlizotaja humu. Mume anamwimbia mke wake wa miaka mingi mbele ya watu. Mkiuita "kazi ya wazee" ndipo mnapomwonea nyinyi.

BintiTanga
Hapo Gitaa nakuunga mkono. Kuhusu Kishore sijamaliza.