Daktari kaandika dawa, nesi kaisimamisha: ni ukaidi?

nesi_wa_zamu: Jamani, juzi usiku wodi ya wazazi, mama wa kifafa cha mimba kafika muda wa kuongezewa magnesiamu, ile sindano ya kuzuia degedege, nagonga goti haliitiki, mkojo masaa 4 hata mililita 80 haujafika, nikasimamisha nikampigia dokta. Asubuhi inchaji ananiambia najifanya dokta. Kwani kujituma ni kutii tu?

MamaZamu: Mdogo wangu uko sahihi kabisa, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liitike, mkojo mililita 30 kwa saa, kimoja kikikosekana hudungi, na kalsiamu gluconeti, ya kutengua magnesiamu ikizidi mwilini, iwe karibu. Faili uliandika?

nesi_wa_zamu: Niliandika dada, mpaka na saa.

kaka_kliniki: Basi tulia. Ila tusidanganyane, nesi mmoja wodi nzima, saa 10 alfajiri hiyo akili ya kuhoji unaitoa wapi