Je, ubongo huhifadhi kumbukumbu kama kompyuta?

Mdadisi
Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha kompyuta sekondari, na huwaeleza wanafunzi wangu kwamba ubongo ni kama prosesa na kumbukumbu ni mafaili. Mmoja wao ameniuliza: kama ni hivyo, mbona watu wawili walioshuhudia ajali ileile husimulia mambo yanayopingana, na kila mmoja yuko tayari kuapa? Mfano wangu unafaa kwa kiasi gani?

Msomaji wa Saikolojia
Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe. Mwaka 1974, nchini Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja la watu 50 liliulizwa mwendo wa magari hayo kwa neno la kawaida, yaani yalipogongana. Jingine, la watu 50 pia, kwa neno zito, kana kwamba yalipondana. Baada ya wiki moja waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwapo kabisa, lakini 16 wa kundi la neno zito walisema waliviona, dhidi ya 7 wa kundi la kwanza. Faili haligeuki kwa sababu ya namna ulivyouliza. Kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa, na swali lenyewe huingia katika ujenzi huo.

Mhandisi wa Programu
Nakubali, ila hoja hiyo inaangusha mfano wa diski tu, si wazo zima la ukokotoaji. Tangu mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts walionyesha kuwa mtandao wa neva zilizorahisishwa unaweza kufanya kazi za mantiki. Mitandao ya neva bandia ya leo, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano, nayo haiweki kila picha iliyojifunza katika faili lake. Ilichojifunza kimesambaa katika uzito wa miunganisho, yaani namba zinazoonyesha nguvu ya kila kiungo kati ya neva hizo, nayo pia hukosea kwa kujaza mambo yasiyokuwapo.

Muuguzi
Ndugu Mhandisi, hapo umesema vyema, lakini tusisahau kwamba ubongo hauna ghala moja. Mwaka 1953 Henry Molaison alipasuliwa ili kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, pande zote mbili, na tangu hapo hakuweza kukumbuka matukio mapya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Siku baada ya siku mkono ulizidi kuwa stadi, ilhali mwenyewe hakukumbuka kamwe kuwa aliwahi kuifanya kazi hiyo. Mwalimu, mpe mwanafunzi wako kisa hiki, kisha mwulize faili la nyota lilikuwa wapi.