Tupeane uzoefu: mwenzako wa kazi aliyefariki, mikono yake ilijua nini?

Ndugu zangu wa Goma, wiki hii tumemzika fundi mkuu wetu wa moteri za boti. Kwenye kilio kila aliyesimama alisema alikuwa mtu mwema. Ni kweli kabisa. Lakini mimi naumia nikifikiri kwamba aliyoyajua hayakuandikwa popote, ndiyo maana nawaomba: uliyempoteza kazini, alijua nini ambacho wengine hawakijui?

Naanza mimi. Boti zetu hubeba watu, makala (makaa ya kupikia) na vyakula kati ya Goma, Idjwi na Bukavu. Moteri ikisumbua, vijana hukimbilia kufungua. Yeye aliiacha iungurume, akaweka ncha ya bisibisi juu ya silinda, mpini sikioni, moja baada ya nyingine hadi aipate inayogonga. Halafu moshi. Ukiwa mweusi, mazuti (dizeli) ni mengi au hewa haitoshi, anza na chujio. Wa buluu, oli inaungua, ringi za pistoni zimechoka. Mweupe usiokoma hata moteri ikishapata moto, huenda maji yanaingia ndani: usitoke ufukweni. Kuna siku mwenye boti alimwongezea pesa ili aiachie hivyo hivyo, mizigo ilikuwa imeshapakiwa. Mzee alichukua ufunguo akaenda nao nyumbani. Abiria walimtukana sana, nami nilikuwepo. Kesho yake tulifungua, gasketi ya hedi imepasuka.

*Muuguzi, Goma:*
Pole sana kaka. Mimi namlilia mama aliyenipokea wodini. Alikuwa bado mwanafunzi wa uuguzi Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika mjini na kipindupindu kikazuka. Alikuwa akisema pale ndipo alipojifunza kutafuta mshipa kwa kidole, si kwa macho, kwa sababu mgonjwa aliyekauka mishipa yake haionekani. Kwenye zamu yake serumu (maji ya mshipani) haikudondoka polepole. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekauka sana kwa kipindupindu anahitaji karibu lita 6 kwa saa 3, na karibu lita 2 za kwanza ziingie ndani ya nusu saa. Aliweka alama kwenye ndoo za chini ya vitanda, akapima kilichotoka ili ajue cha kurudisha. Daktari akija, mama alikuwa na hesabu ya kila kitanda kichwani. Tulimwita Mama Ndoo, naye alilipenda jina hilo.

*Muashi, Goma:*
Poleni nyote. Lava ya volkano Nyiragongo, Januari 17, 2002, ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na wengi wetu tumejenga juu yake. Mwenzangu hakukubali kuchimba msingi kabla ya kupiga mwamba wote kwa nyundo, hatua kwa hatua. Pakiitika kama ngoma, chini kuna uwazi: lava ya juu hupoa kwanza, ya ndani huendelea kutiririka na kuacha pango. Alipasua pale, akajaza mawe, ndipo kamba zifungwe. Wenye viwanja walilalamika anakula siku zao. Kuta zake nazipitia kila asubuhi, sijaona ufa.

*Mwalimu:*
Sina mengi. Mwenzangu wa darasa la kwanza aliwanyamazisha watoto kwa kushusha sauti, si kwa kuipandisha. Nafanya hivyo hadi leo.

*Aliyeanzisha:*
Asanteni, mmenipa nguvu. Dada muuguzi, hiyo hesabu ya ndoo tafadhali iandike yote hapa, binti yangu anaanza uuguzi mwaka huu. Na nyinyi wa bandari ya Bukavu mliofanya kazi na mzee: nani alimwona akirekebisha valvu bila kipimo, kwa vidole tu? Mimi aliniahidi kunionyesha, hatukufika hapo.